Sungura Weupe wa Bet il Watoro

Sayyid Majid bin Said tunafundishwa kwa mambo mawili: alitawala Zanzibar kuanzia 1856 hadi 1870, na ndiye aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Mimi naishi katika mji huo alioujenga, na katika madaftari yangu yote ya historia sikuwahi kuandika kwamba Majid alifuga sungura. Habari hiyo nimeipata kwa dada yake.

Dada huyo ni Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akatoroka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Wanahistoria wanazisoma kwa ajili ya siasa, yaani ugomvi wa warithi baada ya Sayyid Said kufariki baharini mwaka 1856. Mimi nilizisoma mara ya pili kwa sababu ya vyombo. Nilikuwa nahamia chumba na sebule, nina paka wawili, maboksi ya vitabu, kapeti, ndoo, na mashine ya kushonea ya bibi ambayo hakuna anayethubutu kuitupa. Nikawa najiuliza: hawa watu wa zamani waliishi vipi na vitu na wanyama chini ya paa moja?

Salme anajibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Akiwa bado mtoto, yeye na mama yake waliondoka Mtoni wakaenda kuishi mjini na Majid, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anapewa nyumba yake. Nyumba yenyewe ni Bet il Watoro. Dada mwingine, Khaduj, alikuwa humo pia. Ukiilinganisha na kasri la Mtoni ilikuwa ndogo, wakajiona wamebanwa. Na humo humo Majid, mpenda wanyama kwelikweli, akajaza majogoo wa kupigana na sungura weupe. Salme anasema sungura waliiharibu nyumba, mama yake na Khaduj wakasononeka. Majid hakuwatoa.

Ukiwa umefuga chochote unaijua picha hii bila kuonyeshwa. Wanawake wawili watu wazima wanatazama nyumba mpya ikitafunwa, na kijana mwenye nyumba anacheka. Baadaye kijana huyo huyo atakuwa sultani, atapambana na ndugu yake Barghash kuhusu kiti, atagawana himaya na Thuwaini wa Oman. Lakini ugomvi wa kwanza tunaoambiwa aliushinda ni wa sungura.

Kwa nini sungura walikuwa tatizo Bet il Watoro na wanyama hawakuwa tatizo Mtoni? Jibu liko kwenye ramani ya nyumba. Kasri la Mtoni, lililokuwa pwani kaskazini ya mji, lilikuwa na uwanja mpana katikati. Salme anakumbuka tausi, swala, kanga, heroe, bata na mbuni wakizurura humo, na watoto wakikimbizana kuokota mayai. Uwanja ulikuwa wa wanyama, vyumba vilikuwa vya watu, na kati yao kulikuwa na ngazi. Nyumba ya mjini haikuwa na nafasi hiyo. Mnyama akikosa mahali pake, kila mahali panakuwa pake. Hilo halijabadilika tangu wakati wa Majid mpaka kwenye sebule yangu.

Sasa tuingie vyumbani. Watu wengi wanadhani kasri lilijaa fanicha. Salme anaeleza kinyume. Kuta nene zilikuwa na mashimo marefu yaliyopangwa rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu yake vioo na sahani za kaure zilipangwa kwa ulinganifu. Makabati ya nguo hayakuwapo. Nguo na vito viliingia kwenye masanduku ya mbao yaliyopigwa misumari ya shaba, yale ambayo leo wapambaji wa hoteli wanayanunua kwa bei ya gari bovu. Sakafu ilibaki na mkeka au zulia. Vitu vilikaa ukutani na ndani ya sanduku, na watu wakakaa chini.

Huu si mtindo wa masultani peke yao. Nenda Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba kongwe za mawe kule zina zidaka, safu kwa safu za matundu madogo ukutani, zimerembwa kwa chokaa kama lasi. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari, na boriti haifiki mbali. Usipoweza kukipanua chumba, unauchimba ukuta. Ni akili ya fundi, na ni akili ya mtu anayefagia.

Kitu kinachonifurahisha zaidi Lamu, hata hivyo, kiko chooni. Mle mlikuwa na birika la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Na kwenye sakafu ya birika fundi alizamisha bakuli la kaure la Kichina. La nini? Maji yakipungua, au birika likisafishwa, bakuli linabaki na maji na samaki wanapona. Hebu fikiria. Bakuli lililovuka bahari kutoka China, ambalo lingeweza kupanda kwenye zidaka lionekane na wageni, limewekwa mahali asipoliona mtu ili samaki wasife. Mimi naona hapo ndipo ustaarabu wetu wa nyumba ulipofika mbali: mnyama alihesabiwa tangu nyumba ikiwa kwenye msingi, hakuwa mtu wa kutafutiwa kona baadaye.

Na paka je? Huwezi kuandika habari za nyumba ya Mswahili ukamwacha paka, maana hata ukimwacha atarudi. Lakini kabla ya paka tuanze na panya. Mifupa ya panya weusi, wale wenye asili ya Asia waliosafiri na vyombo vya bahari, imechimbuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyositawi karne nyingi kabla ya Mji Mkongwe. Biashara ilileta shanga, vyungu na panya. Dari la boriti likawa barabara yao, na stoo ya nafaka ikawa soko lao.

Lugha yenyewe imehifadhi vita hivyo. Kuna kawa, kile kifuniko cha ukili kinachowekwa juu ya chakula. Kuna susu, kiango cha kamba kinachoning'inia kutoka darini ili chakula kikae juu, mbali na panya na mbali na paka pia, maana paka hakuaminiwa kabisa kabisa. Kuna methali isemayo paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Na kuna nyingine fupi ninayoipenda: paka wa nyumba haingwa. Kuinga ni kufukuza ndege au mnyama asile. Kuku wa jirani unamwinga, kunguru unamwinga. Paka wa nyumba ana haki ya kukaa. Dini nayo ilimpa cheo: katika hadithi za Mtume paka amehesabiwa miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, na maji aliyoyanywa hayanajisiki kwa udhu. Kwa hiyo paka aliingia hadi mahali ambapo mbwa hakuthubutu.

Hapo ndipo unapoona kwamba kupanga nyumba na kufuga paka vilikuwa kazi moja. Chakula kikifunikwa, nafaka ikiinuliwa, sakafu ikiwa wazi, panya hana pa kujificha, na paka anamaliza kazi. Ikiwa fujo, hata paka kumi hawatoshi. Mji uliolipa gharama ya fujo ni Nairobi, ulioanza kama kambi ya reli mwaka 1899. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye bazaa ya Wahindi, mahali palipojaa mabanda, magunia na panya, na dawa ya serikali ya kikoloni ikawa kiberiti: bazaa ilichomwa moto. Lakini msongamano ule haukuanguka kutoka mbinguni. Watu walibanwa kwenye eneo dogo bila mitaro ya maana, halafu wakaambiwa ni wachafu. Kila ninapoona mtu mtandaoni anawacheka watu wa uswahilini kwa vyumba vilivyojaa vyombo, nakumbuka bazaa ile. Familia ya watu sita kwenye chumba kimoja haina fujo, ina uhaba wa kuta.

Na hapa lazima nirudi kwa Salme, kwa sababu kuna sentensi zake ambazo zinanikaba. Anaeleza vitanda vya kifahari vya mbao za India, virefu mpaka mtu alihitaji kiti au mkono wa mtumwa ili apande. Kisha anasema, kama anayetaja kitu cha kawaida, kwamba nafasi iliyo chini ya kitanda nayo ilitumika kulala, kwa mfano yaya wa watoto au anayemwuguza mgonjwa.

Uvunguni, basi. Pale ambapo sisi tunasukuma mabegi na viatu vilivyochakaa, kasri lilisukuma binadamu. Rafu za kijani, sahani zilizolingana, mazulia yasiyo na vumbi, wanyama waliolishwa kwa wakati: vyote vilipangwa na mikono ya watu walionunuliwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 na hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa mwaka 1897, lakini Salme, akiandika mwaka 1886 akiwa Ulaya, bado aliutetea utumwa wa nyumbani kwake. Nyumba za Lamu hazikuwa tofauti sana. Watumwa walikuwa ghorofa ya chini, pamoja na mizigo, na zidaka zilikuwa juu, pamoja na waungwana. Methali inasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukiingia ndani kabisa, angalia na uvungu.

Sisemi haya ili tubomoe zidaka. Nasema kwa sababu siku hizi kuna mtindo wa kuuziwa nyumba safi kama tabia njema: tupa nusu ya vitu vyako, nunua vikapu vinavyofanana, paka wako alale kwenye kitanda chake cha sufi. Sawa, mimi mwenyewe napenda. Nimepigilia mbao ukutani kwa kufuata zidaka, vitabu vikapanda, sakafu ikapumua. Paka wangu wana njia yao ya juu kutoka rafu hadi dirishani, na beseni lao la mchanga liko kwenye kibaraza, halipo njiani pa mtu. Bakuli la maji nimeliweka pasipofikiwa na ndoo za kufulia, na kila nikilijaza nawaza samaki wa Lamu. Dagaa wao wanakaa kwenye kopo lenye mfuniko, maana susu sikuipata sokoni. Mwenye nyumba alinisomea mkataba kwamba wanyama hawaruhusiwi. Nikamwuliza kama panya wa darini nao wamesaini. Akacheka, tukayamaliza kwa masharti kuwa nikihama nitapaka rangi upya.

Lakini swali la uvunguni linabaki, nalo si la 1850. Katika nyumba nyingi za mjini leo, zile zinazopigwa picha zikapendwa, kuna dada wa kazi. Ndiye anayefagia manyoya, anayepanga vikapu, anayejua paka amekula saa ngapi. Ukiuliza analala wapi, utaambiwa kwenye godoro linalotandikwa sebuleni usiku na kukunjwa alfajiri, au stoo, pamoja na ndoo na pasi. Paka ana kitanda mchana kutwa. Yeye kitanda chake kinafichwa kabla wageni hawajafika, eti nyumba ionekane nadhifu.

Majid alishinda ugomvi wa sungura kwa sababu nyumba ilikuwa yake. Mama yake Salme na Khaduj angalau malalamiko yao yamefika mpaka kwetu, kwa sababu mtoto aliyekuwa pembeni alikua akajua kuandika. Waliookota vinyesi vya sungura wale kila asubuhi hawakuandikiwa hata jina. Kwa hiyo ukimaliza kuipanga nyumba yako mwisho wa wiki hii, vitabu vimepanda na paka amepata dirisha lake, zunguka vyumba vyote mara moja zaidi. Hesabu wanaolala humo, kisha uhesabu nani kati yao ana mahali ambapo vitu vyake vinaweza kukaa mchana kutwa bila kuondolewa.