Waafrika katika picha za wafalme wa India

Kwa mtu aliyekulia Kondoa au Chemba, punda milia si habari. Wapo Mkungunero, wapo Swagaswaga, na anayevuka Babati kwenda Tarangire huwaona mpaka akawachoka. Lakini mwaka 1621, katika baraza la mfalme Jahangir wa India, mnyama huyu alizua ubishi. Alikuwa ameletwa kutoka Uhabeshi na Waturuki waliofuatana na mtu aitwaye Mir Jafar, na mistari yake ilipangika vizuri kiasi kwamba baadhi ya watu walishuku amepakwa rangi ili kumhadaa mfalme. Uchunguzi ukafanyika. Ilipobainika kwamba fundi wa mistari ile ni Mungu mwenyewe, Jahangir akampa kazi mchoraji wake Mansur, kisha akampeleka mnyama kwa Shah Abbas wa Uajemi kama zawadi.

Picha ya Mansur ipo hadi leo, kwenye makumbusho ya Victoria and Albert jijini London. Punda amesimama peke yake, kamba mwilini, nyuma yake hakuna mlima wala mti wa kumfunika. Kila mstari umefuatwa mpaka miguuni. Pembeni kuna maandishi ya mkono wa Jahangir yanayotaja mnyama alikotoka, nani alimleta na nani alimchora. Mfalme aliyetawala mamilioni ya watu alipata nafasi ya kuketi na kuandika jina la mchoraji wake. Jambo hilo linaeleza mengi kuhusu sanaa hii.

Ni sanaa ya vitabu na albamu, iliyokusudiwa kushikwa mkononi na kutazamwa kwa karibu, wala haikutundikwa ukutani. Ukoo wa Jahangir, yaani wa Mughal, uliikuza kutokana na mbegu ya Kiajemi. Humayun, babu yake Jahangir, aliyekuwa amenyang'anywa kiti chake, aliwachukua mafundi wawili wa Uajemi, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, waliomfuata Kabul mwaka 1549 na baadaye India. Mwanawe Akbar, aliyeanza kutawala mwaka 1556, akawapa karakana nzima na kazi ambayo ingewatisha mafundi wengi: kisa cha Hamza, kwa picha zipatazo 1,400 zilizochorwa juu ya kitambaa. Iliwachukua takriban miaka 15.

Karakana hiyo ilijaa Waislamu na Wahindu pamoja. Mmoja wao, Daswanth, alikuwa mtoto wa mbeba machela. Hadithi ni kwamba alikuwa akichora kutani, Akbar akamwona, akamkabidhi kwa Abd al-Samad, na baada ya muda mfupi akawazidi wengi waliomtangulia. Akili yake ilikuja kuvurugika, naye akajiua mwaka 1584. Habari zake tunazijua kwa kuwa mwandishi wa mfalme, Abu'l Fazl, aliona inafaa kuziandika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Mara nyingi mmoja alichora umbo, mwingine akapaka rangi, wa tatu akaitwa kumalizia nyuso. Burashi zilitengenezwa kwa manyoya ya mkia wa kindi, nyingine zikiishia kwenye ncha nyembamba mno. Buluu ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani la Badakhshan, kijani kutoka jiwe la malakiti, nyekundu kutoka madini ya zebaki. Rangi ilishikamanishwa kwa gundi ya migunga, jamii ileile ya miti inayotuchoma miba kote Dodoma na Singida. Kila tabaka lilipokauka, karatasi iligeuzwa kifudifudi na kusuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka uso wake ung'ae. Ndipo ukaja mpako mwingine.

Jahangir alijigamba kwamba akionyeshwa picha iliyofanywa na watu kadhaa, angeweza kutaja nani alichora uso na nani alitia jicho na nyusi. Huenda alitia chumvi. Hata hivyo, ukisimama chini ya miamba ya Kolo, kwenye michoro ya Kondoa iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, unatamani angalau mtu mmoja wa namna hiyo angekuwapo. Pale kuna twiga, tembo na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kwa rangi nyekundu ya udongo, kazi ya mikono iliyoiva. Hakuna jina hata moja. Mchoraji wa Kolo hakuwa na karani wa kumwandika. Pia hakuwa na bwana wa kumwamuru achore nini, na hapo ndipo mchoraji wa kasri alipolipa gharama yake.

Gharama hiyo inaonekana wazi kwa Mwafrika mmoja, Malik Ambar. Alizaliwa Uhabeshi mnamo 1548, akauzwa utumwani akiwa mdogo, akapitia Mocha na Baghdad mpaka akafikishwa Dekani, kusini mwa India. Bwana wake wa huko, Chingiz Khan, waziri mkuu wa dola ya Ahmadnagar, naye alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa. Alipopata uhuru, Ambar alikusanya askari, akamweka sultani kwenye kiti na kuitawala nchi kwa niaba yake. Mwaka 1610 alianzisha mji wa Khirki, baadaye Aurangabad, akauchimbia mifereji ya maji ya chini kwa chini. Mbinu zake za kushambulia ghafla na kutoweka, akiwatumia wapanda farasi wa Kimaratha, ziliwachosha majemadari wa Mughal.

Jahangir hakuweza kumshinda kabisa, na kumbukumbu zake zimejaa matusi dhidi ya rangi ya ngozi yake. Basi mnamo 1616 mchoraji wake mkuu, Abu'l Hasan, akampa ushindi wa karatasi. Mfalme amesimama juu ya tufe la dunia, tufe liko juu ya ng'ombe, ng'ombe juu ya samaki, upinde umevutwa. Anakilenga kichwa cha Ambar kilichotundikwa juu ya mkuki, na bundi wamewekwa hapo ili mtazamaji asikose kuelewa nuksi ni ya nani. Picha hiyo iko Dublin, katika maktaba ya Chester Beatty. Ufundi wake hauna dosari. Ni uongo uliopakwa dhahabu, maana Ambar alikufa kifo cha kawaida mwaka 1626, akiwa na umri wa karibu miaka 80, kichwa chake kikiwa mahali pake.

Mchoraji mwingine, Hashim, alimchora Ambar kwa namna tofauti kabisa: mzee mnene kiasi, vazi jeupe, upanga, uso wa mtu aliyezoea kuamua mambo. Namwamini Hashim kuliko Abu'l Hasan. Ajabu ni kwamba Hashim naye alilitumikia baraza la Mughal. Nadhani wafalme hao walitaka vyote viwili, picha ya kuwaridhisha na sura halisi ya adui waliyepaswa kumjua.

Ambar hakuwa peke yake. Huko Bijapur, dola nyingine ya Dekani, chini ya Sultani Muhammad Adil Shah aliyetawala 1627 hadi 1656, Mhabeshi Ikhlas Khan alikuwa na sauti kubwa katika kuendesha dola. Mnamo 1645 Haidar Ali na Ibrahim Khan waliwachora wawili hao juu ya tembo mmoja, sultani mbele, Ikhlas Khan nyuma yake. Kwa wachoraji waliojua vizuri nani ndani ya kasri anaweza kuwafukuza kazi, kumweka waziri juu ya mnyama wa kifalme hakukuwa pambo tu.

Bijapur iliangukia mikononi mwa Aurangzeb, mjukuu wa Jahangir, mwaka 1686, na wachoraji wake wakabaki bila baraza la kuwalisha. Albamu zilinyofolewa kurasa, zikauzwa moja moja na kusambaa hadi Ulaya na Marekani. Makumbusho ya Victoria and Albert yameweka picha ya punda milia na ile ya Malik Ambar iliyochorwa na Hashim kwenye tovuti yake, na mtu aliyeko Kondoa mwenye simu na bando anaweza kuzikuza mpaka aone unywele mmoja mmoja wa burashi ya kindi.