Kamba ya Bastola

Ala ya kwanza niliyoishika katika maisha yangu haikuwa na bastola ndani. Ilikuwa ya ngozi nene ya kahawia, imekauka hadi ikapasuka kwenye mikunjo, na ilining'inia msumarini nyumbani kwetu Garissa, juu ya kitanda cha baba. Pembeni yake ilikuwapo kamba ya pamba iliyosokotwa, yenye kitanzi cha kupita shingoni upande mmoja na kitanzi kidogo upande wa pili. Baba alipewa vyote viwili na afisa mmoja Mwingereza aliyehamishwa. Bastola yenyewe ilikwenda na mwenyewe.

Baba alikuwa Dubas. Vijana wa siku hizi hawalijui neno hilo, nami naona vibaya likipotea. Wasomali walisema duub cas, yaani kilemba chekundu, na serikali ya mkoloni ikaliandika kama ilivyolisikia. Hao ndio waliokuwa askari wa utawala katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini: nguo nyeupe, kilemba chekundu, mkanda wa risasi kifuani, bunduki ya .303 begani. Walijua visima, walijua koo, walijua nyayo za ngamia wa nani zimepita wapi. Bunduki walipewa. Bastola ilikuwa ya afisa peke yake.

Nilipokua nikawa fundi silaha wa polisi, na kazi hiyo nimeifanya mpaka nikastaafu. Mikononi mwangu zimepita G3, Sterling, Bren, .303 zisizo na idadi. Nilizisafisha, nikazitengeneza, nikazisahau. Rivolva kubwa za Webley sikuzisahau hata moja. Ninalo daftari ambamo niliandika kila niliyowahi kuifungua: toleo lake, mwaka uliogongwa kwenye chuma, hali ya mtutu, na kama pete ya chini ya mpini bado ipo. Huo ndio ukusanyaji wangu. Mimi sina bastola na sijaomba leseni. Lakini uraibu ninao, na mwenye uraibu huu humtambua mwenzake kwa namna anavyoishika silaha kuukuu kabla hajasema neno.

Niieleze kwa asiyeijua. Webley ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, na jeshi la huko likaipokea mwaka 1887. Toleo la sita, lililo kubwa kuliko yote, lilianza 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Uzito wake unapita kilo moja. Tundu la mtutu ni inchi .455, yaani milimita 11 na ushei, na risasi yake ina uzito wa gramu 17, inayokwenda polepole ukiilinganisha na za leo. Karibu na nyundo, upande wa kushoto, kuna kikomeo. Ukikisukuma kwa kidole gumba, bastola inavunjika katikati: mtutu unainamia chini, gurudumu la matundu sita linainuka likikutazama, na nyota ya chuma inayasukuma nje maganda yote sita kwa mkupuo mmoja. Nimelifanya hilo mara nyingi sana na bado halijanichosha.

Kuhusu mafuta, Dubas wazee walinifunza jambo ambalo kitabu cha mafunzo hakikuwa nalo. Huku kwetu, silaha iliyopakwa mafuta mengi ni mtego wa mchanga. Walipaka, wakafuta kwa kitambaa kikavu mpaka ukigusa kidole kitoke safi, wakaivingirisha nguo. Webley ilivumilia. Viungo vyake vina nafasi kidogo, havikubana kama vya saa, na ndiyo sababu ilisifiwa katika matope ya Ufaransa kama ilivyofaa katika vumbi la Wajir.

Sasa ile pete. Chini ya mpini wa kila Webley ya jeshi kuna pete ya chuma ya kufungia kamba. Afisa juu ya farasi au ngamia akiiangusha bastola, inabaki ikining'inia. Hiyo ndiyo sababu ya kifundi, na ni ya kweli. Lakini pete hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza historia ya kwetu kwa namna nyingine. Watu huuliza bunduki ilimpiga nani. Mimi nauliza ilifungwa kwa nani.

Kabla ya vita vya 1914 afisa wa Kiingereza alijinunulia bastola yake mwenyewe, mradi iweze kupiga risasi za jeshi. Ndiyo maana za zamani hazifanani, na ndiyo raha ya mkusanyaji: huyu alichagua mtutu mrefu, yule mpini wa umbo la kichwa cha ndege, mwingine akachongesha herufi za jina lake. Ilikuwa mali ya mtu kama saa yake ya mfukoni. Mtu huyo aliletwa katika nchi kubwa kuliko baadhi ya mataifa ya Ulaya, akiwa na askari wachache, akaambiwa aitawale.

Haikutawalika kirahisi. Novemba 1900 Arthur Jenner, mkuu wa Jubaland, aliuawa na Wasomali wa ukoo wa Ogaden akiwa safarini kutoka Kismayu. Februari 1916, Wasomali wa ukoo wa Aulihan chini ya Abdurrahman Mursaal waliivamia ngome ya Serenli, kwenye Mto Juba, wakamuua Luteni Francis Elliott na makumi ya askari wake, wakachukua bunduki na risasi. Waingereza wakaiacha Wajir kwa muda. Kisasi kilikuja 1917 na 1918, na watu wakanyang'anywa silaha, na mifugo pia. Sijapata kusikia mzee yeyote wa kwetu akisimulia kisa kati ya hivi ambamo bastola iliamua jambo. Mkuki uliamua, bunduki iliamua, kiu iliamua. Bastola ilikuwa kiunoni mwa mtu aliyetia sahihi.

Na sahihi zilikuwa nyingi. Mwaka 1926 wilaya yote ilifungwa chini ya sheria ya 1902, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 sheria nyingine ikampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuwaambia watu walishe wapi na wasilishe wapi. Baba alikuwa kijana katika nchi hiyo. Alisema mkuu wa wilaya alipokaa barazani, aliifungua ile ala na kuiweka mezani pamoja na bastola, kando ya wino. Hakuigusa tena. Watu waliiangalia kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Kulikuwa na rivolva nyingine iliyofika huku, na hii haikuwa na adabu ya barazani. Ni Bodeo ya Waitalia, modeli ya 1889, tundu milimita 10.35. Ile ya askari wa kawaida haina kizuizi kuzunguka kifyatulio, bali kifyatulio chenyewe hukunjwa chini ya chuma kama mguu wa panzi. Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland mwaka 1925, na kwa hiyo silaha za Kiitalia zikawa jirani zetu. Kisha mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham yakavuka kutoka upande wetu wa Tana. Kismayu ikaanguka 14 Februari, Mogadishu tarehe 25. Jeshi linalokimbia huacha vitu nyuma, na wachungaji huokota. Bodeo mbili nilizowahi kuzifungua zilikuwa kutu tupu, lakini kifyatulio cha moja kilikunjuka bado. Nimeliandika hilo daftarini na kulipigia mstari.

Uhuru ulipokuja, pete ikabaki na kamba ikabadilisha shingo. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya Mwafrika, alipigwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Desemba 1963 hali ya hatari ikatangazwa, na vita vya shifta, yaani waasi waliotaka mkoa wetu ujiunge na Somalia, vikaendelea mpaka makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Kanuni za 1966 ziliweka adhabu ya kifo kwa atakayekutwa na silaha bila idhini katika mkoa wetu. Vita vikaisha, kanuni zikabaki kwa miaka mingi. Mkenya wa Nakuru aliyependa bastola kuukuu aliweza kuomba leseni na kuitundika hadithi yake ukutani. Sisi tulijifunza kutosema hata neno lenyewe kwa sauti. Kisomali kilitusaidia: qori ni bunduki, na qori ni kijiti cha kuni.

Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa uliteketezwa na vikosi vya serikali, na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi. Baba alikuwa ameshafariki. Kabla watu hawajaanza kutolewa nyumbani, mama aliitoa ile ala msumarini. Ala tupu, bila bastola, bila hata risasi moja, lakini nani angesikiliza? Alijaribu kuichoma, ngozi ikatoa moshi na uvundo utakaowaita watu, akaitupa katika shimo la choo. Kamba hakuitupa. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema kamba ni kamba. Akaifungia mbuzi mguuni, na mbuzi yule akafungwa nayo miaka na miaka, na baada yake wengine.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka na AK zikaingia kupitia mpakani Liboi kama maji ya mafuriko. Rivolva ikawa kitu cha kale kwa siku moja. Wanaume wa Wajir walimalizana mpaka wanawake wa sokoni wakasimama, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi, na wazee wakaketi wakaandikiana mkataba wa Al-Fatah mwaka 1993. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha haramu 5,250 kule Ngong. Nafurahi zilichomwa. Hata hivyo nilitafuta picha za lundo lile gazetini nikazitazama kwa kioo cha kukuzia, nikitafuta pete.

Mwaka jana rafiki niliyefanya naye kazi, mwenye leseni na Webley ya toleo la sita, alinialika kwenye uwanja wa shabaha huko Kiambu. Alikuwa na risasi kumi na mbili tu. Za .455 hazipatikani ovyo, na huko Marekani nyingi za bastola hizi zilichongwa gurudumu ili zikubali risasi za .45 za kwao. Nilikuwa nimeibeba ile kamba, nimeiosha. Kitanzi kidogo kilipita kwenye pete bila kulazimishwa.

Kijana msimamizi alisema, "Mzee, tumia mikono miwili." Nikamwomba aniruhusu ule mtindo wa zamani, mkono mmoja, bega mbele. Nikavuta nyundo. Mshindo wake si kofi, ni msukumo, kama ngamia anayekuegemea. Moshi ukasimama mbele yangu. Nilipiga sita, nikasukuma kikomeo, maganda yakamwagika miguuni yakiwa ya moto. Zile sita za pili nilimrudishia mwenyewe. Yeye ataishi na bastola ile, mimi nina daftari.

Maganda yote niliyaacha Kiambu. Nikirudi Garissa, kwenye daraja la Tana tulishuka kwenye basi kama kawaida, vitambulisho mkononi. Askari wa umri wa wajukuu zangu akafungua mfuko wangu, akatoa kamba, akaivuta kwa mikono miwili kuipima nguvu.

"Mzee, hii ni ya nini?"

"Ya mbuzi," nikamwambia, akaikunja vizuri akanirudishia.