Sanduku la Kwenda Maskati



Kila ukiingia Mfungo Mosi tunapata kazi za mabibi harusi wanaokwenda kukaa na waume zao Maskati. Huulizia rangi, huulizia nakshi na mawe ya kifuani. Joto haulizi mtu. Basi leo tuzungumze habari za wanawake waliotangulia, maana njia hii haikuanza na ndege.

Tangu Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, miaka ya 1830, familia zilikuwa zikija huku. Mapinduzi ya Januari 1964 yaligeuza safari. Waliotoka hawakufika wote Oman moja kwa moja. Wapo waliokaa kwanza Dar es Salaam, Mombasa, Dubai, Kuwait au Misri. Mlango hasa ulifunguka tarehe 23 Julai 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi.

Warudi! Mwanamke aliyezaliwa Malindi au Wete, ambaye babu yake ndiye aliyepanda jahazi, anarudi wapi? Kwake yeye Maskati ilikuwa ugenini kama ugeni mwingine wowote, ila tu alitakiwa aipende kama kwao.

Nchi yenyewe ilikuwa na barabara ya lami ya kilomita kama 10, na shule tatu za serikali, zote za wavulana. Hadi mwaka huo malango ya mji wa Maskati yalifungwa saa tatu baada ya jua kuzama, na atakayetembea usiku sharti abebe taa. Mpe habari hiyo mtu aliyezoea kupunga upepo Forodhani.

Na hilo joto. Sisi huku likizidi tunasema leo jua kali, jioni upepo wa bahari unatupoza. Maskati imezungukwa na majabali matupu. Mawe yanakunywa jua mchana kutwa, kisha usiku yanalitoa. Mwezi wa Juni mchana hufika nyuzi 40 na kupita, na usiku unaweza usishuke chini ya 30. Kabla umeme na viyoyozi havijaenea watu walilala juu ya mapaa, wengine wakilowesha shuka kwanza. Kazi za jikoni zilifanywa alfajiri, adhuhuri mji ukafunga milango, maisha yakaanza tena baada ya alasiri. Mwanamke wa kwetu aliyezoea kwenda sokoni saa nne ilibidi aipange siku yake upya kuanzia Sala ya Alfajiri.

Ramadhani ya mwaka 1400 Hijria iliangukia Julai na Agosti 1980. Mchana wa Maskati miezi hiyo unaupita wa Unguja kwa zaidi ya saa moja. Ukifunga huko, na futari ya nazi huna kwa sababu minazi iko mbali Salalah, utajua hijra si neno la kwenye vitabu tu.

Lugha nayo ilikuwa mtihani. Wengi walijua Kiarabu cha Qur'ani, si cha dukani. Wenyeji wakawaita Wazanzibari, hata aliyetoka Mombasa, Burundi au Kongo. Lakini wale waliosoma walikuwa na Kiingereza, na nchi ilikuwa na haja ya makarani, walimu, wauguzi. Wanawake wa kwetu wakaingia maofisini na madarasani mapema, wakafundisha mabinti ambao mama zao hawakuwahi kuona shule. Sisi tunaona hilo halisemwi vya kutosha. Nyumbani jioni walivua, wakajifunga kanga, wakasema Kiswahili na watoto. Ndiyo maana leo ukipita Maskati utasikia Kiswahili sokoni, na mandazi utayapata.

Kanga ile haikuwa mapenzi tu. Ni pamba: inanyonya jasho na inakauka upesi. Kwa hiyo bibi harusi akituletea vitambaa vya nailoni kwa nguo zote saba, tunamwambia arudishe vinne. Nguo za kukaa nyumbani ziwe pamba, kwapa zilegezwe, bitana isiwepo kabisa. Buibui liwe jepesi lakini lisioneshe, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Nguo ya kung'ara ibaki ya ukumbini, mwenye kiyoyozi.

Kanga zenyewe chukua doti za kutosha. Na shali usiiache, japo utatucheka: Januari usiku wa Maskati hushuka chini ya nyuzi 20, na mtu wa Unguja hutetemeka kweli kweli.