Usiku wa Nimitz Hill na Tuhuma ya Adabu

Kila ifikapo tarehe 6 Agosti hukumbukwa watu 228 waliofariki mwaka 1997 katika kisiwa cha Guam, kilicho chini ya Marekani, pale ndege ya Korean Air, Boeing 747 iliyotoka Seoul, ilipokigonga kilima cha Nimitz Hill usiku wa mvua, saa saba na dakika 42, ikiwa imebakiza maili 3 na ushei kufika uwanjani; na pamoja na dua za jamaa zao huzuka upya mjadala juu ya adabu katika chumba cha marubani, ambao, kwa rai yangu, haujapata kuendeshwa kwa insafu.

Usuli wake unafahamika. Baada ya maafa ya ndege ya Tenerife ya 1977, yaliyoua watu 583, na ya Portland mwaka uliofuata, ambako nahodha aliyeshughulika na magurudumu hakuyatia maanani maneno ya wenzake hata mafuta yakaisha, NASA iliwakutanisha wataalamu mwaka 1979, na shirika la United likaanza 1981 kuwafunza marubani kushauriana.

Mintarafu ya Guam, taarifa ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 2000, yasikitisha kusoma. Nahodha, mtu wa miaka 42 aliyekuwa ametunukiwa tuzo ya usalama miezi michache tu nyuma, aliarifiwa kwamba mtambo wa kuongoza mteremko haufanyi kazi, na hata hivyo, katika dakika za mwisho, kulikuwa na mashaka katika chumba cha marubani kama unafanya kazi au la; naye akazidi kushuka chini ya kimo alichoruhusiwa. Zilipobaki kama sekunde sita, rubani msaidizi alishauri waghairi kutua. Mhandisi akasema uwanja hauonekani. Nahodha akakubali, ilhali wakati ulikwisha kupita. Walionusurika ni 26.

Hapo ndipo walipotokea wenye kusema kwamba kilichoua ni adabu ya Kikorea, ya mdogo kutomkosoa mkubwa, na kitabu cha Malcolm Gladwell cha 2008 kikaieneza kauli hiyo duniani. Ni kweli Bodi iliwalaumu wasaidizi kwa kutomhakiki nahodha. Lakini ilitaja pia uchovu wake, upungufu wa mafunzo ya shirika, na jambo ambalo wasimuliaji hulipitia mbio: kengele ya rada ya kuonya ndege ikishuka mno ilikuwa imezimwa Guam kwa makusudi na mamlaka ya Marekani yenyewe, kwa kuwa ilizoea kulia pasipo hatari. Tena nahodha wa Tenerife, ambaye mhandisi wake aliuliza kama njia i wazi akajibiwa kwa mkato, alikuwa Mholanzi, na yule wa Portland Mmarekani. Sijasikia mtu akizishtaki mila za Amsterdam. Sisi tuliolelewa kutomkata mkubwa kauli twajua kwamba heshima haimzuii mtoto kumwambia babaye kuwa nyumba yaungua.

Rais Kim Dae-jung wa Korea Kusini alilikemea shirika la Korean Air hadharani mwaka 1999, na mwaka uliofuata akaletwa David Greenberg kutoka shirika la Delta kusimamia safari zake. Oktoba 2022, huko Cebu, Ufilipino, marubani wa Korean Air walighairi kutua mara mbili katika hali mbaya ya hewa. Mara ya tatu ndege ilipitiliza njia, ikaharibika vibaya, na watu wote 173 wakatoka hai.