Boda Boda Ilianza na Miguu

Ukitaja baiskeli Kenya, mtu atakujibu na Chris Froome. Sawa, alizaliwa Nairobi 1985 na akashinda Tour de France mara 4. Sina shida na yeye. Shida yangu ni kwamba historia yetu ya baiskeli tumeiwachia mtu mmoja na mashindano ya Ulaya, na barabara ya Kisumu kwenda Busia iko hapo tu, imejaa historia, na hakuna mtu anaisema.

Hiyo barabara ni zaidi ya kilomita 100. Mwezi uliopita niliimaliza kwa siku moja: baiskeli ya gia, chupa mbili za maji, tyubu ya akiba. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini siku hiyo nilisoma historia kuliko muhula mzima. Twende mji kwa mji.

Kisumu kwanza. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa 1901. Treni ilishusha mzigo kando ya ziwa, na kutoka hapo kuingia vijijini, mzigo ulibebwa na kichwa cha mtu. Baiskeli ilipokuja, watu hawakuiona kama mchezo. Ilikuwa dawa ya shingo.

Halafu unapanda. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Maseno iko karibu 1,500, na hiyo tofauti utaisikia kwa mapaja. Maseno ndipo ikweta inapita, na ndipo wamishenari walianzisha Shule ya Maseno 1906. Oginga Odinga alisoma hapo. Sasa unganisha: shule na misheni zilileta walimu, makarani na wahubiri. Hao ndio walikuwa na mshahara, na mwenye mshahara ndiye angeweza kununua baiskeli. Kwa hivyo kabla iwe chombo cha maskini, baiskeli ilikuwa heshima. Mwalimu akipita nayo, watoto wanamkimbilia nyuma.

Kutoka Maseno hadi Luanda ni kilomita chache tu. Kidogo tena uko Yala. Ukiwa kwa gari hii miji inapita kama vituo vya matatu. Kwa baiskeli ndio unaelewa: soko moja na lingine hayako mbali kuliko mtu mwenye mzigo anavyoweza kwenda na kurudi kabla ya giza. Hii miji ilipimwa na miguu.

Na chombo chenyewe kilikuwa Black Mamba. Hebu uijue vizuri. Nyeusi, chuma kizito, gia moja, breki za vyuma badala ya waya. Muundo wake ulitoka Uingereza, baadaye nyingi zikatoka India na China. Karia ya nyuma inabeba gunia la mahindi, mitungi ya maziwa, mgonjwa, bibi harusi, hata jeneza. Kwa mlima unashuka na kusukuma. Kwa mteremko unaomba Mungu. Mimi nilikuwa na gia na bado nilihema. Kwenye kilima baada ya Yala nilimpata mzee anasukuma magunia mawili ya makaa, tukasalimiana, na hakuonekana kushangaa kuwa kuna mtu anaenda Busia kwa baiskeli. Kwake hiyo ni kazi ya kawaida. Mimi nikifanya mara moja mnaniita shujaa.

Ugunja nilifika jua likiwa kali. Chapati mbili, maharagwe, chai. Kando ya barabara kulikuwa na fundi na karai lake la maji: anajaza tyubu upepo, anaizungusha majini, mapovu yanaonyesha pancha iko wapi, anapiga msasa, gundi, kiraka, imeisha. Nilihesabu baiskeli za abiria zenye mto kwenye karia. Sikuona hata moja. Pikipiki niliacha kuhesabu.

Sega, Bumala, halafu Busia. Hapa ndipo kitovu cha hii stori.

Miaka ya 1960 na 1970, lango la Kenya na lango la Uganda yalikuwa yameachana kidogo. Ukitaka kuvuka na gari unahitaji karatasi. Ukitembea, una mizigo na jua. Vijana wa mpakani wakaweka mto kwenye karia na kuanza kuita wateja: boda, boda! Yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Hapo ndipo neno lilizaliwa, kwenye kiti cha baiskeli.

Na si abiria tu. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil 1975, bei duniani ikaruka. Uganda ya Idi Amin ilikuwa inalipa wakulima wake vibaya, kwa hivyo 1976 na 1977 kahawa ikamiminika Kenya kwa magendo, hasa kupitia Chepkube, kaskazini mwa hapa. Wengine walitajirika na kujenga majumba. Aliyeinama juu ya usukani gizani, na gunia mgongoni kwake, wachache sana wanamkumbuka.

Hiyo biashara ya kubeba watu ikatoka mpakani ikaenea Kisumu, Kakamega, hadi miji ya mbali. Halafu 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Bei ikashuka, pikipiki zikajaa, na zikachukua kila kitu: wateja, kona za kuegesha, mpaka jina.

Usinielewe vibaya. Pikipiki imemfikisha mama mjamzito hospitali usiku, na hiyo baiskeli ingechelewa. Lakini angalia kilichobadilika. Mwenye Black Mamba akishainunua, ni yake, na petroli yake ni ugali. Leo kijana wa rika letu anachukua pikipiki kwa mkopo, analipa kila siku, na mafuta yakipanda ananyamaza. Akikosa malipo siku chache, inachukuliwa. Ule uhuru wa mtu wa baiskeli ulipotea na hatukuuzungumzia.

Pale Busia sasa kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi 2018. Karatasi zinamalizwa upande mmoja. Nilizunguka nikitafuta hata kibao kimoja cha kusema hapa ndipo boda boda ilianza. Sikukiona.

Basi tuanze wenyewe. Kama babu yako aliendesha, muulize sasa akiwa hai: alilipwa pesa ngapi, alibeba nani, alifika wapi. Mrekodi kwa simu. Hiyo simu tunarekodi nayo upuzi kila siku, dakika kumi za mzee haziwezi kuijaza.