Kisu Kinachosoma Kabla ya Kukata

Mgomba ulioshikwa na mnyauko bakteria haujifichi. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake huku nyingine kwenye mkungu uleule zikiwa bado mbichi, na ukiipasua moja unakuta madoa ya rangi ya kutu ndani. Likate shina, ungoje kidogo, na ute wa manjano utatoka. Ute huo umejaa bakteria. Ukibaki kwenye panga, mgomba wa pili utakaoguswa na panga hilo utaambukizwa, na wa tatu, mpaka mwisho wa mstari.

Kongo iliujua ugonjwa huu kwanza kule Masisi, mashariki mwa nchi. Muheto na vijiji vingine vya vilima hivyo ni nchi ya migomba: hapo ndipo panapotoka chakula cha nyumbani, ada za shule, na kasiksi, pombe ya ndizi, ya harusi na matanga. Mwaka 2001 migomba ya Masisi ilianza kunyauka, mwaka uleule Uganda ilipouona ugonjwa huo Mukono. Vigheri Ndungo, mtafiti wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kule Butembo, pamoja na wenzake wa nje, walithibitisha chanzo chake na kukitangaza katika jarida la magonjwa ya mimea mwaka 2006. Bakteria huyo alikuwa amejulikana Ethiopia tangu 1968, akishambulia ensete, mmea wa ukoo wa mgomba.

Wengi walidhani Masisi iliambukizwa na Uganda. Mwaka 2012 Mganda Arthur Wasukira na wenzake walisoma DNA ya bakteria kutoka nchi mbalimbali, wakakuta koo mbili. Bakteria wa Kongo na Rwanda walikuwa wa ukoo mmoja na wa Ethiopia. Wale wa Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi walikuwa wa ukoo mwingine. Kwa hiyo ugonjwa wa Masisi ulikuja kwa njia yake wenyewe.

Bakteria huyu wa migomba, Xanthomonas, ana ndugu wa karibu sana anayeshambulia mtama. Siku hizi wanasayansi wanawahesabu wote wawili kuwa spishi moja. Kutoka kwa ndugu huyo wa mtama kilipatikana kimeng'enya kiitwacho XhoI, ambacho leo kimo ndani ya friji za maabara duniani kote. Kazi yake ni moja tu: kukata DNA mahali palipoandikwa CTCGAG.

Kwa nini bakteria awe na kisu? Kwa sababu naye anaumwa. Virusi humvamia na kumwingizia DNA yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Salvador Luria, na baada yake Giuseppe Bertani na Jean Weigle, waliona jambo la ajabu: virusi waliozaliwa ndani ya bakteria wa aina moja walishindwa karibu wote walipopelekwa kwa aina nyingine. Mwaka 1962 Werner Arber na Daisy Dussoix, mjini Geneva, walionyesha sababu: DNA ya mgeni inakatwakatwa, lakini ya mwenye nyumba inasalimika kwa kuwa ina alama. Mwaka 1970 Hamilton Smith na Kent Wilcox, Baltimore, walipata kisu kinachokata mahali maalumu pasipobadilika. Mwenzao Daniel Nathans alikitumia mwaka uliofuata kuikata DNA ya virusi wa nyani vipande 11, na kutokana na vipande hivyo ramani ya jeni zake ikaanza kuchorwa. Arber, Smith na Nathans walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Dussoix hakuwemo, nami naona jina lake linastahili kutajwa kila habari hii inaposimuliwa.

Sasa tutazame kisu chenyewe. XhoI ni vipande viwili vya protini vinavyofanana, vimeungana kama viganja viwili. Vinaukumbatia uzi wa DNA na kuteleza juu yake, vikipapasa kingo za herufi bila kuufumua uzi. Herufi hizo ni nne tu, A, T, G na C, na A daima hukaa mkabala na T, G mkabala na C. Andika CTCGAG upande mmoja, kisha usome upande wa pili kutoka mwisho wake: utapata CTCGAG tena. Ndiyo maana viganja viwili vinatosha, kila kimoja kinasoma upande wake neno lilelile. Herufi zote sita zikikubali, kimeng'enya kinabana, kinabadili umbo, na kwa msaada wa madini ya magnesiamu kinakata nyuzi zote mbili. Herufi moja ikiwa tofauti, kinaachia na kuendelea na safari. Alama ya kemikali ambayo bakteria huipachika kwenye DNA yake mwenyewe nayo inatosha kukizuia.

Udhaifu wake ni kwamba kinajua neno moja tu, na neno la herufi sita hutokea kwa wastani mara moja katika kila herufi 4,096. Jeni za mgomba zina mamilioni ya herufi. Kukata mahali pamoja tu kulihitaji kisu kinachoweza kufundishwa neno jipya.

Kisu hicho, Cas9, nacho kilitoka kwa bakteria. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier, Jennifer Doudna na wenzao walionyesha kwamba kinaongozwa na kipande cha RNA chenye herufi 20, na kwamba mtu anaweza kuziandika herufi hizo apendavyo. Cas9 hutafuta kwanza G mbili zinazofuatana. Ikizipata, inafumua uzi wa DNA hapo na kulinganisha na mwongozo wake, herufi kwa herufi. Zikilingana, inakata herufi tatu kabla ya alama ile. Seli huharakisha kuunga jeraha, na mara nyingi hukosea, ikapoteza herufi moja au mbili. Jeni iliyoungwa kwa makosa hivyo kwa kawaida haifanyi kazi tena.

Nairobi, Leena Tripathi na kikundi chake cha taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walikielekeza kisu hicho kwenye mgomba. Ndizi tunazokula hazina mbegu, hivyo kuzizalisha kwa kuchanganya aina ni kazi ngumu mno. Mwaka 2021 walitangaza kwamba wameikata jeni ya DMR6, ambayo huuzuia mmea kujikinga, katika aina ya Sukali Ndiizi, ile ambayo nchini Rwanda huitwa Kamaramasenge. Migomba iliyohaririwa iliustahimili mnyauko zaidi kuliko ya kawaida walipoiambukiza, na ilikua vizuri. Kenya ilitoa mwongozo wake wa uhariri wa jeni mwaka 2022.

Maoni yangu ni kwamba migomba hiyo haitakuwa na maana kwa Masisi kama kazi hiyo itafanywa kwa aina zinazopendwa Kampala na Nairobi peke yake. Wakulima wa Masisi waulizwe ni ndizi ipi wanayopika na ipi wanayokamulia kasiksi, na waulizwe mapema, kabla kazi haijaisha. Vita vya huko pia vina sehemu yake: aliyelikimbia shamba lake hawezi kulikagua, na mgomba mgonjwa usiotazamwa na mtu unaendelea kuambukiza.

Kwa mkulima aliyeko shambani leo, kazi ni hii. Livunje ua la dume mapema, mara chane ya mwisho ikishatoka, kwa kuwa wadudu huubeba ugonjwa kupitia hapo; tumia mti wenye panda, wala usilikate kwa kisu. Usichukue machipukizi kwenye shamba lenye ugonjwa. Shina lililougua likate chini kabisa mara unapoliona. Na kabla ya kugusa mgomba mwingine, lipitishe panga kwenye moto.