Miaka 15 ya Ideos: Simu iliyogawa intaneti, na vita vya simu bandia mpakani

Mwaka huu inatimia miaka 15 tangu Wakenya waanze kuinunua kwa wingi Huawei Ideos, simu ndogo ya mguso iliyouzwa na Safaricom kwa takribani shilingi 8,000. Hakuna aliyekata keki. Ukiitafuta leo katika vibanda vya mafundi wa simu, kuanzia Migori mjini hadi Oyugis, huenda ukaikuta ndani ya katoni ya vyuma chakavu, kama haijatupwa zamani. Simu hiyo haikustahili mwisho wa namna hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyoingiza mfumo wa Android mifukoni mwa watu wa kawaida nchini.

Njia ilikuwa imeshafunguliwa. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Katikati ya 2009 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye simu, na mwaka huo huo nyaya za baharini za Seacom na TEAMS zikafika Mombasa. Kilichokosekana ni simu ambayo mtu asiye na mshahara mkubwa angeimudu. Huawei ilipoionyesha Ideos mjini Berlin Septemba 2010, pengo hilo likapata wa kuliziba. Kufikia Agosti 2011, iliripotiwa kwamba zaidi ya 350,000 zilikuwa zimeuzwa Kenya.

Ndani yake mlikuwa na Android 2.2, toleo lililopewa jina la Froyo. Google ililitangaza Mei 20, 2010, jijini San Francisco, mbele ya ukumbi uliojaa wabunifu wa programu. Orodha ya mambo mapya ilikuwa ndefu: programu zingeenda kasi zaidi, zingeweza kuhamishiwa kwenye memori kadi, simu ingefungwa kwa nambari ya siri badala ya mchoro wa kidole pekee, na intaneti ya simu ingegawiwa hadi vifaa vinane kupitia hotspoti. Lakini lililozungumziwa sana lilikuwa Flash ya kampuni ya Adobe, iliyokuwa ikiendesha video na michezo kwenye tovuti. Wakati huo Apple ilikuwa imeikataa Flash katika iPhone, kwa hiyo mashabiki wa Android waliichukua kuwa ndiyo silaha yao.

Silaha hiyo haikufika huku Ziwa Victoria. Prosesa ya Ideos, ya megahazi 528, ilikuwa ya kizazi cha nyuma, na Flash ilidai prosesa mpya zaidi. Aliyenunua Ideos alipata toleo lile lile la mfumo lililosifiwa San Francisco, ila sifa yake kuu ikabaki huko huko. Hata hivyo hakupoteza kitu. Novemba 2011, Adobe yenyewe ilitangaza kwamba inaacha kuitengenezea simu Flash.

Lililodumu ni lile lililotajwa kwa sauti ya chini. Hotspoti ilikuwa na maana kubwa mahali ambapo modemu ya kuchomeka kwenye kompyuta ilikuwa gharama nyingine, na saiba zilipatikana mijini tu. Mwalimu wa Ndhiwa mwenye laptopu aliweza kuiunganisha na simu yake akatuma barua pepe bila kupanda matatu kwenda Homa Bay. Bando moja likanunuliwa na mmoja, likaliwa na wengi. Kuhamisha programu kwenye memori kadi nako kuliwaokoa walionunua simu yenye nafasi finyu ya ndani, kwa kuwa kadi ilipatikana kwenye duka lolote la simu. Adui alikuwa betri. Ilikuwa na mAh 1,200 tu, na hotspoti iliinyonya haraka, wakati nyumba nyingi za maeneo haya zilikuwa bado zinawasha koroboi na simu zilipelekwa kuchajiwa dukani kwa malipo.

Haki itendeke pia kwa simu za vitufe. Bei za samaki katika fuo za Ziwa Victoria zilianza kutafutwa kwa ujumbe mfupi, kupitia mfumo ulioanzishwa 2009 na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI). Mvuvi wa Mbita au Karungu hakuhitaji Android kujua mbuta anauzwaje kwingine.

Na kulikuwa na hitaji jingine ambalo Froyo haikulifikiria hata kidogo: laini mbili. Anayefanya biashara Isebania anavuka hatua chache tu na yuko Sirare, Tanzania. Wateja wake wako pande zote mbili, na kila upande una mitandao yake na viwango vyake. Ideos ilikuwa na nafasi ya laini moja. Waliotimiza haja hiyo walikuwa watengenezaji wa simu za bei ya chini kutoka China, nyingi zikiwa bandia, zenye majina yaliyofanana na ya kampuni kubwa kwa kubadilishwa herufi moja. Zilikuwa na laini mbili, tochi, antena ya televisheni na spika ya kutikisa kibanda.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Tume ya Mawasiliano ya Kenya (CCK) ilitangaza kwamba simu bandia zitazimwa. Ilitoa sababu kadhaa: wahalifu wanajificha nyuma ya simu zisizo na nambari halali ya utambulisho (IMEI), afya ya watumiaji iko hatarini, na wenye chapa halali wanaibiwa jina. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa unakaribia na kumbukumbu za ghasia za 2007 na 2008 zilikuwa bado mbichi. Wananchi wakaelekezwa kubonyeza *#06#, wapate IMEI, kisha waitume kwa 1555 ili kujua kama simu yao itapona. Tarehe ilisogezwa mbele, watumiaji na wafanyabiashara wakilalamika kwamba anayeadhibiwa ni mnunuzi, wakati mwagizaji aliyezipitisha bandarini hakuguswa. Mwishowe, usiku wa Septemba 30, 2012, zikazimwa. Kwa hesabu za tume, zilizonyamaza zilikuwa zaidi ya milioni 1.5.

Lakini amri ya Nairobi inakomea mpakani. Kilichozuiwa ni simu kutumia mitandao ya Kenya. Tanzania ilizima simu bandia zake Juni 2016, karibu miaka minne baadaye. Kwa kipindi chote hicho, simu iliyokufa Isebania haikuwa na kizuizi cha kuita Sirare ikiwekwa laini ya Tanzania. Kifaa kile kile kilikuwa kimezimwa upande mmoja wa barabara na kikifanya kazi upande wa pili. Sheria iliyotungwa bila kumtazama mtu wa mpakani ilimkuta na njia ya kuikwepa. Na Android? Ilikubali rasmi haja ya laini mbili katika toleo la 5.1, Machi 2015. Mchuuzi wa Isebania alikuwa ametangulia kwa miaka.

Yaliyofuata yanajulikana. VAT ilirudishwa kwenye simu 2013, Tecno na wenzake wakajaza maduka, na WhatsApp ikaacha kuhudumia Android 2.2 mwishoni mwa 2016. Septemba 2021 Google ikafunga mlango wa kuingia katika akaunti kwa simu zenye toleo la 2.3.7 kushuka chini. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kikafunguliwa Athi River, na simu yake ya bei ya chini ikauzwa shilingi 7,499, karibu bei ile ile ya Ideos. Suala la IMEI nalo likafufuka kwa agizo jipya la kuanzia Januari 2025, likapingwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikalitupa Julai mwaka huo.

Tunahifadhi mitumbwi, vyungu na zana za vita, na ni vyema. Jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba katika kisiwa cha Mfangano linaonyesha kwamba watu wa ziwa wanaweza kujitunzia historia yao wenyewe. Lakini kifaa kilichobadilisha biashara, mapenzi na siasa zetu tunakitupa jalalani, pamoja na sumu ya betri yake. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori, Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Rafu moja katika kila maktaba inatosha, na mafundi wa simu wanaokumbuka usiku wa Septemba 30 bado wako hai. Wakubwa wa vyuo hivyo wawatume wanafunzi wakawasikilize na kukusanya simu hizo kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita.